Kitabu, vitabu na mashine inayohesabu maneno

Haziishi wiki mbili bila mwanafunzi kuniletea orodha ya rejea za tasnifu yake nimtafutie makala. Katika orodha ya juzi, rejea nne kati ya sita hazikuwepo. Jarida lipo, mwandishi yupo, makala yenyewe hakuna aliyeiandika. Imetungwa na mashine. Tangu ChatGPT, programu ya akili mnemba inayojibu maswali, ifunguliwe kwa umma Novemba 2022, watafiti wengi wa ukutubi (taaluma ya maktaba) wamehamia kwenye swali hili: jibu la mashine lithibitishwe vipi?

Wapo wanaodhani akili mnemba ni mgeni aliyebisha hodi maktaba jana. Mwaka 1972, katika Journal of Documentation, jarida la watu wa nyaraka, Mwingereza Karen Spärck Jones alieleza kwamba neno linalopatikana katika nyaraka chache lipewe uzito kuliko lililotapakaa kote. Ukitafuta "kilimo cha mwani Paje", kitakachokufikisha ni "mwani" na "Paje". "Kilimo" kimejaa kila rafu. Mitambo ya kutafutia imekula mkate wa kanuni hiyo kwa miongo.

Hapo ndipo Kiswahili kinapotutoa jasho. Mashine inayohesabu maneno kwa umbo huona "kitabu" na "vitabu" ni maneno mawili yasiyojuana. "Alisoma", "waliosomeshwa" na "hatukusomewa" ndiyo usiseme. Zana zilizoundwa kwa Kiingereza hukata neno mkia ili kupata mzizi. Sisi mizigo mingi tumeibeba mbele ya mzizi.

Wafini wana taabu ya jirani na hii. Maktaba yao ya Taifa ilitengeneza Annif, programu huria inayosoma matini na kupendekeza mada, na kwa Kifini huweza kutumia Voikko, kichanganuzi kinacholirudisha neno kwenye umbo lake la msingi. Maktaba ya Taifa ya Ujerumani nayo inaitumia Annif. Kwangu kazi ya namna hiyo inashinda hojaji zote za "mitazamo ya wakutubi kuhusu ChatGPT" (nimeshajaza nyingi, nimechoka).

Mkondo mwingine, ulioshika kasi tangu 2020, unaitaka mashine itafute kwanza nyaraka halisi, ndipo ijibu kwa kuzitegemea. Bado huteleza, lakini angalau imerudishwa kwenye katalogi. Sasa katalogi yangu mimi, pale 896.392 (namba ya rafu ya fasihi ya Kiswahili), ina mada moja tu: "Fasihi ya Kiswahili". Tenzi, riwaya, tamthilia, zote kapu moja. Mashine ikija kuuliza hapo itaambulia nini? Nimeanza kuvifungua upya vitabu hivyo kimoja kimoja nivipe mada zake, nikianzia na tenzi.