Kuposti viatu si kufungua duka la mtandaoni

Duka la mtandaoni ni lile ambalo mauziano yenyewe yanafungwa mtandaoni: bei imewekwa wazi, mteja anachagua na kuthibitisha oda, na kuanzia hapo muuzaji anawajibika. La kawaida hufungia mauziano kaunta. Maana imeishia hapo.

Kinachochosha ni mwenye fremu Majengo, Dodoma, kuposti viatu, kuandika "bei njoo inboksi", kisha kutangaza kwamba ana duka la mtandaoni. Mteja akienda inboksi wanavutana bei, mwisho anaambiwa "pita dukani ujaribu". Mauzo hayo ni ya Majengo. Mtandao umefanya kazi ya kibao cha barabarani, na kibao hakiuzi.

Pa kupimia ni hesabu ya mzigo. Chukua pea moja ya namba 40 iliyobaki. Saa nne asubuhi inauzwa kaunta, picha yake mtandaoni haijaondolewa. Saa saba mteja wa Kisasa analipa kwa Lipa Namba, boda kaitwa, ndipo inaonekana rafu ni tupu. Pesa irudi, na makato abebe nani? Anayeuza mtandaoni kweli ana hesabu moja tu ya stoo, ya kaunta na ya mtandaoni zikisomwa humo humo, na pea inatolewa kwenye hesabu oda inapothibitishwa, si inapofungwa kwenye mfuko. Programu ya gharama si lazima; daftari linatosha, ilimradi liandikwe papo hapo.

Tovuti nayo si lazima. Anayeuza kwa WhatsApp, bei na saizi zikiwa wazi, mteja wa Iringa akalipa na mzigo ukapandishwa basi stendi ya Nzuguni, huyo ana biashara ya mtandaoni hata kama stoo yake ni sebule. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya Tanzania ya 2015 inautambua mkataba wa namna hiyo, kwa hiyo "tulichati tu" si utetezi. TIN, yaani namba ya mlipakodi, inamhusu vilevile. Na asidhani amekwepa gharama: kodi ya fremu imegeuka vifungashio, makato, na boda wa kurudisha viatu vilivyombana mtu. Kiatu chenye faida ya shilingi 5,000 kikienda Ihumwa na kurudi, faida imekwisha njiani.

Kwa hiyo mwenye fremu anaweza kusema tu, "duka langu lipo Majengo, natangaza mtandaoni." Hana cha kuonea aibu hapo. Ila bei aiandike.