Moja kwa ishirini si mabao ya mpira

"Shilingi yetu inaishinda ya Tanzania mara ishirini." Mara ya mwisho nimeyasikia hayo kwa kinyozi, Kawangware hapa Nairobi, kutoka kwa kijana aliyerudi juzi kutoka Arusha. Alibadilisha elfu tano pale mpakani Namanga akapewa kama laki moja, na bado alikuwa akitamba nayo. Wenzake kwenye benchi wakacheka, wakaongeza yao kuhusu majirani. Mimi nilikuwa na wembe shingoni, nikanyamaza. Sasa nimetoka.

Kiwango cha ubadilishaji ni bei tu. Ni bei ya pesa moja ikihesabiwa kwa pesa nyingine, kama debe la mahindi linavyohesabiwa kwa shilingi. Kiwango cha kihistoria ni bei hiyohiyo, ila ya tarehe iliyopita. Maana yake imeishia hapo.

Tatizo ni watu kuisoma bei hiyo kama matokeo ya mechi. Shilingi moja ya Kenya siku hizi inanunua yen moja ya Japani na chenji kidogo. Kwa hesabu ya kijana wetu basi, Japani tumeifunga bao la ugenini. Hizi gari za Probox zinazotubeba kila siku tuliwauzia wao? Na laki yake ile, Arusha aliitumiaje? Mimi nimekula wali maharage pale kwa elfu mbili, ambayo ni mia moja ya kwetu, na mia moja hapa Kawangware inakupa sahani hiyohiyo. Kilichoongezeka ni sifuri, shibe ni ileile.

Namba ishirini ikiwa peke yake haisemi kitu. Inaanza kusema ukijua ilianzia wapi, na ilianzia moja. Shilingi hizi mbili, pamoja na ya Uganda, ni za tumbo moja. Kabla yake tulitumia rupia, ikaja florini iliyoishi muda mfupi mno, halafu mwanzoni mwa miaka ya 1920 ikaingia shilingi ya Afrika Mashariki, iliyosimamiwa na bodi ya sarafu yenye makao London. Ishirini zake zilikuwa pauni moja ya Uingereza. Ndiyo sababu wazee wa Nairobi waliiita shilingi ishirini "pauni", na wapo wanaosema "mbao" ya vijana, yaani shilingi ishirini, ilitoka hapohapo. (Kijana anayetukana pesa ya jirani huku mdomoni ana mbao, neno la siku tulizotumia pesa moja na huyo jirani! Lakini niendelee.)

Mwaka 1966 ndugu waligawana nyumba, kila mmoja na benki kuu yake. Shilingi ya Tanzania ilitoka Juni, ya Uganda Agosti, yetu Septemba. Zote zilianza sawa, moja kwa moja, na dola ya Marekani ilikuwa shilingi 7 na senti 14 kwa kila mmoja wao. Uingereza ilipoishusha pauni yake Novemba 1967, zote tatu zilikataa kuifuata.

Sasa sikia hili. Ukifungua majedwali ya mwaka 1983, dola ilikuwa kama shilingi 13 za Kenya na kama 11 za Tanzania. Kwa karatasi, wao ndio waliokuwa juu yetu! Ila hicho kilikuwa kiwango cha serikali. Kwenye magendo dola ilipanda mara kadhaa ya hapo, na mpaka wa nchi hizi mbili ulikuwa umefungwa tangu 1977, ukafunguliwa mwishoni mwa 1983 hiyohiyo. Kwa hiyo mtu akikutajia kiwango cha zamani, muulize ni cha tarehe gani na ni cha nani, cha benki kuu au cha kichochoroni.

Na hapa Kiswahili kinatusaidia kuliko tunavyokitumia. Kuna pesa kushuka, na kuna pesa kushushwa. Inashuka yenyewe sokoni, wanaoitaka wakipungua. Inashushwa na serikali, kwa tangazo, pale serikali inapokuwa ndiyo mpanga bei. Tanzania ilishusha yake kwa nguvu kuanzia 1986 ilipokubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa. Dola iliyokuwa karibu shilingi 17 mwaka 1985 ilikaribia 200 kufikia 1990. Yetu nayo ilishushwa mara nyingi, hadi ilipoachiwa soko mwishoni mwa 1993. Kwa hiyo mtangazaji anayesema serikali "imeshusha" shilingi kwa sababu imepoteza senti hamsini leo asubuhi, anaisingizia. Na yule aliyesema mwaka 2024 kwamba shilingi "imeshuka kutoka 160 hadi 129 kwa dola" aliipindua kabisa: iliyoshuka ni dola, shilingi ilipanda.

Uganda waliufuata mkondo mwingine. Mwaka 1987 walikata sifuri mbili, mia moja za zamani zikawa moja mpya. Hakuna aliyeamka asubuhi hiyo akiwa na pesa yenye nguvu mara mia. Dodoma nao wakiamua kesho kukata sifuri mbili, shilingi moja yao itanunua tano zetu, na wali maharage pale Arusha utakuwa shilingi ishirini.

Kijana, nikikukuta tena kwa kinyozi nitakuambia polepole. Ukisema tangu 1966 shilingi ya Tanzania imeshuka kuliko yetu, sikupingi, ni kweli. Ila ukiwa hapohapo taja na yetu: ilikuwa 7 na senti 14 kwa dola, leo ni kama 129. Hiyo ya kuwashinda mara ishirini, iache Namanga.