Je, wajua kwa nini zege linamwagiwa maji na wakati lishakuwa gumu?

Ukipita saiti ya nyumba inayojengwa utamkuta mtu kashika mpira yuko juu ya slabu anamwagilia kama bustani, na hilo slabu ukilikanyaga ni gumu kabisa. Ukiuliza utaambiwa wanalipoza lisipasuke na jua. Ni kweli kiasi, ila sababu kubwa siyo hiyo.

Zege halikauki jamani. Hilo neno kukauka ndo linatupoteza, maana nguo inakauka maji yakitoka, ila zege linakuwa gumu kwa sababu maji yanaungana na simenti kikemia, vinaota vijisindano vidogo mno huwezi kuviona kwa macho, vinashikana na kubana mchanga na kokoto pamoja. Ndo maana nguzo za madaraja zinaweza kumwagwa zege huko huko chini ya maji na likashika vizuri tu. Sasa maji yakitoroka mapema, shughuli inasimama pale pale ilipofikia, na simenti ambayo haikupata maji inabaki unga tu humo ndani, ulishailipia lakini haikufanyii kitu. Juu ndo panaanza kuumia maana ndo panapigwa jua na upepo, baadaye unahamia unashangaa mbona sakafu kila ukifagia inatoa vumbi haliishi.

Na haiendi haraka. Zege la simenti ya kawaida siku 7 za kwanza linafikisha kama theluthi mbili ya nguvu ambayo mainjinia wanaipima siku ya 28, baada ya hapo linaendelea kukomaa ila polepole. Kwa hiyo mtu akimwagilia siku 2 akaacha, kaacha kipindi kile chenyewe.

Kinachochekesha (au kinachouma, inategemea nyumba ni ya nani) ni kwamba maji hayo hayo yakizidi kwenye kuchanganya yanaliua zege. Simenti inahitaji maji kama robo ya uzito wake, mengine ni ya kulainisha tu ili limwagike, ndo maana mfuko wa kilo 50 unawekewa kama lita 25, na mchanga ukiwa mbichi unapunguza tena. Fundi akiona koleo zito anaongeza ndoo, zege linashuka lenyewe kwenye nondo, kila mtu anafurahi, ila yale maji ya ziada yakishaondoka yanaacha vitundu kibao ndani. Mi ningekuwa na siku moja tu ya kwenda kusimamia saiti ningeenda siku hiyo ya zege nikakae karibu na pipa la maji.

Kumwagilia kwenyewe subiri uso ushike kwanza, masaa kadhaa hivi, la sivyo unaosha simenti. Slabu wengi wanazungushia vituta vya mchanga pembeni wanalijaza maji kama bwawa. Nguzo haziwezi kujazwa bwawa kwa hiyo unazivisha magunia unayalowesha, au unafunga nailoni. Na mirunda, ile miti inayoshikilia slabu kwa chini, usiing'oe eti kwa sababu juu pameshakuwa pagumu, huwa inakaa wiki 2 mpaka 3 au zaidi kutegemea upana wa chumba, na wa kusema itoke lini ni injinia, siyo mwenye mirunda anayeitaka akaikodishe kwingine.