Rangi za Vim Zikichelewa: Dhana Potofu na Ukweli

Katika ofisi nyingi za waandishi wa programu kando ya Ngong Road, Vim, programu ya kuhariri maandishi, ikianza kukokota miguu, mshtakiwa wa kwanza huwa kompyuta. "Mkubwa, hii mashine imechoka, tuiongezee RAM," aliniambia kijana ninayefanya naye kazi, siku ambayo faili la JSON (muundo wa kuhifadhi data kama maandishi) lenye kumbukumbu za malipo lilikuwa likiganda kila aliposogeza kishale. RAM haikuwa na kosa, wala isingetufaa. Vim hupaka rangi zinazotofautisha sehemu za msimbo kwa kutumia mkondo uleule mmoja unaopokea herufi unazobonyeza, kwa hiyo viini vingine vya prosesa hukaa vikitazama kimoja kikitoka jasho.

Dhana iliyoota mizizi zaidi ni kwamba faili likiwa kubwa, rangi lazima zichelewe. Ukweli ni kwamba Vim haipaki rangi faili zima. Hushughulikia mistari inayoonekana kwenye skrini, ikirudi nyuma kiasi fulani ili ijue kama pale inapoanzia ni ndani ya maelezo, ndani ya maandishi yaliyofungwa kwa alama za kunukuu, au ni msimbo wa kawaida. Ndiyo maana faili la mistari 100,000 mifupi linaweza kuteleza bila shida, ilhali dogo lenye mstari mmoja tu likakutoa machozi. Faili la yule kijana lilikuwa la namna hiyo ya pili: mfumo ulioliandika ulikuwa umebana kila kitu katika mstari mmoja ili kuokoa nafasi. Vim ina kinga yake, nayo ni chaguo la `synmaxcol`, ambalo kwa kawaida huacha kupaka rangi baada ya safu ya 3000. Safu 3000 bado ni nyingi mno, na mimi huandika `:set synmaxcol=200` nikijua kwamba kuna gharama: mstari ukikatwa hapo, hali ya sintaksia, yaani kumbukumbu ya Vim ya ilipofikia katika muundo wa msimbo, hufutwa, na mistari inayofuata inaweza kupata rangi zisizo sahihi. Kwa JSON, dawa iliyo bora ni kulipanga faili upya kwa `:%!jq .`, ikiwa jq, programu ndogo ya kushughulikia JSON, imesakinishwa, ili kila kipengele kipate mstari wake.

Wapo pia wanaoamini kwamba rangi zikitoweka ghafla katikati ya kazi, faili limeharibika. La hasha. Chaguo la `redrawtime` huipa Vim milisekunde 2000 za kuchora dirisha. Muda huo ukipita, Vim huzima rangi za dirisha hilo yenyewe, na ukibonyeza Ctrl-L hujaribu tena. Wengi hukimbilia kuandika 10000 badala ya 2000, na kweli rangi hurudi, lakini sasa unasubiri muda mrefu zaidi kwa ugonjwa uleule. Kwa maoni yangu, kikomo hicho ni kengele, na anayeikata kengele hajauzima moto.

Moto wenyewe hutafutwa kwa kupima, na hapa ndipo nadhani wengi wetu tunapoteza siku nzima bure. Andika `:syntime on`, pandisha na kushusha ukurasa mara kadhaa penye uzito, kisha andika `:syntime report`. Ikiwa Vim yako ilijengwa ikiwa na uwezo wa `+profile`, utaona orodha ya ruwaza za regeksi (kanuni za kutafuta maandishi, ambazo Vim hutumia kujua kipi kipakwe rangi gani) zilizotumika, kila moja na jumla ya muda wake, idadi ya mara ilizojaribiwa, na idadi ya mara ilizofanikiwa. Mara nyingi ruwaza moja au mbili ndizo zinazokula muda karibu wote. Chunguza hasa ruwaza yenye `\@<=`, kwa kuwa huilazimisha Vim kurudi nyuma na kujaribu sehemu nyingi kabla ya kukubali au kukataa; ukiandika `\@20<=` unaiambia isirudi zaidi ya baiti 20. Ndipo utakapoelewa pia kwa nini ushauri wa kuweka `regexpengine=1` si dawa ya kila homa. Tangu toleo la 7.4 la mwaka 2013, Vim ina injini mbili za regeksi, na thamani ya 0 huiachia ichague yenyewe. Baadhi ya wanaoandika Ruby waliona injini ya zamani ikiwaharakishia kazi. Wanaoandika TypeScript wakaona kinyume chake kabisa.

Kuhusu `cursorline`, inayoangazia mstari wenye kishale, na `relativenumber`, inayohesabu mistari kuanzia hapo, si kweli kwamba ni mapambo yasiyo na gharama: kila kishale kinaposogea, sehemu ya skrini huchorwa upya. Zizime kwanza, kisha ulalamike.

Na si kila ucheleweshaji ni wa rangi. Yule kijana, hata baada ya faili lake kupangwa vizuri, alirudi akilalamika kwamba alipolihariri kwa SSH, yaani kwa kuingia kupitia mtandao, kwenye sava iliyoko London, herufi zilijitokeza zikiwa zimechelewa. Kutoka Nairobi hadi London ni takriban kilomita 6,800 kwa mstari ulionyooka, na mwanga ndani ya kebo husafiri karibu kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo kwenda na kurudi pekee ni milisekunde 68 hata kama kebo isingepinda popote. Nazo hupinda, kwa kuwa kebo ya baharini, kama vile TEAMS iliyoanza kazi mwaka 2009, huanzia Mombasa. Nilimwambia aandike `:syntax off`. Aliandika, rangi zikaondoka, na herufi zikaendelea kuchelewa vilevile. Tulilinakili faili likaja Nairobi, akalihariri hapahapa, kisha akalirudisha.