Dozi Ikiongezwa na Sauti Zisinyamaze

Mgonjwa wa kwanza wa skizofrenia, ugonjwa wa akili ambao mara nyingi humfanya mtu asikie sauti ambazo wengine hawazisikii, niliyekabidhiwa nikiwa bado nasomea udaktari wa magonjwa ya akili, alikuwa hakai chini. Ukimwonyesha kiti atakaa kidogo, atainuka, atakwenda hadi dirishani, atarudi, atakaa, atainuka tena. Nikaandika kwenye faili kwamba ana fadhaa na ugonjwa bado umepamba moto. Mkubwa wangu akasoma, akaongeza haloperidoli, dawa ya kuutuliza ugonjwa huo. Baada ya siku mbili akawa anatembea hata wakati wa kula. Tukaongeza tena.

Muuguzi wa zamu ya usiku ndiye aliyemuuliza kile ambacho sisi madaktari hatukumuuliza. "Kaka, unatembea kwa kuwa unataka, au kwa kuwa mwili hautulii?"

"Miguu ndiyo inayotaka," akajibu. "Mimi mwenyewe nimechoka."

Ile haikuwa skizofrenia. Ilikuwa akathisia, hali ya kutotulia inayoletwa na dawa yenyewe, na sisi tulikuwa tukiitibu kwa kuongeza kile kile kinachoileta. Utafiti wangu wa miaka yote, karibu wote, umelizunguka swali lililozaliwa usiku ule: dozi inayotosha ni ipi, na sauti zisiponyamaza hata baada ya hiyo, tufanye nini?

Dawa za aina hii zilikuja kabla ya maelezo yake. Mwaka 1952 Jean Delay na Pierre Deniker, katika hospitali ya Sainte-Anne mjini Paris, waliwapa wagonjwa wao klopromazini, ambayo Henri Laborit alikuwa akiitumia kwa watu wanaofanyiwa upasuaji. Wagonjwa waliokuwa hawashikiki wakatulia. Kwa nini? Hakuna aliyejua. Mwaka 1963 Arvid Carlsson na Margit Lindqvist, wakifanya majaribio kwa panya nchini Uswidi, wakapendekeza kwamba dawa hizi huziba vipokezi vya dopamini, yaani sehemu za seli zinazoipokea kemikali hiyo inayopeleka ujumbe ndani ya ubongo, na vya kemikali jamaa zake. Katikati ya miaka ya 1970 kundi la Philip Seeman kule Toronto na la Solomon Snyder kule Baltimore yakaonyesha jambo ambalo hadi leo hunisisimua: ukijua dawa inakishika kwa nguvu kiasi gani kipokezi cha dopamini kinachoitwa D2, unaweza kukisia dozi yake ya kila siku. Inayokishika barabara huhitaji miligramu chache. Inayokishika kilegevu huhitaji mamia.

Hapo ndipo tulipoponzwa. Ikiwa kuziba dopamini kunasaidia, basi kuziba zaidi kutasaidia zaidi. Hoja ilikwenda hivyo, na kuna enzi ambapo haloperidoli iliandikwa miligramu 30, 40, hata 60 kwa siku bila mtu kushtuka.

Kilichonitoa kwenye fikra hiyo ni PET, mashine ya kupiga picha ndani ya ubongo. Mgonjwa hudungwa kiasi kidogo mno cha kemikali yenye kaboni-11 inayotoa mnururisho, nayo huenda kukaa kwenye vipokezi vya D2. Kaboni hiyo hupungua kwa nusu kila baada ya dakika 20 hivi, kwa hiyo hutengenezwa jirani na chumba cha mashine, na anayeileta haji kwa mwendo wa matembezi. Picha ya mtu asiyetumia dawa huonyesha mabonge mawili yanayong'aa ndani kabisa ya ubongo. Ya anayetumia hufifia, kwa sababu kemikali yetu inafika na kukuta dawa imetangulia kukalia viti, yaani vipokezi. Huko kufifia ndiko tunakokupima.

Mwaka 2000 Shitij Kapur na wenzake walichapisha matokeo ya wagonjwa 22 ambao ndiyo kwanza walikuwa wameugua, waliopewa haloperidoli miligramu 1 au 2.5 tu kwa siku. Nafuu ilianza kuonekana zaidi kwa wale ambao vipokezi vyao vilizibwa kupita asilimia 65. Ilipovuka 78, ndipo mwili ulipoanza kukakamaa na kukosa utulivu. Kati ya namba hizo mbili ni uchochoro tu. Miligramu mbili na nusu! Mgonjwa wangu wa dirishani tulikuwa tumemfikisha 30.

Nilidhani kwa hiyo kazi imebaki ndogo: tuwafundishe madaktari wapunguze dozi, basi. Kisha kijana mmoja aliyeshiriki katika utafiti wetu akaomba kuiona picha yake. Nikamweleza kwamba mabonge yamefifia, maana yake dawa imefika na imekaa mahali pake. Akaitazama kitambo.

"Sasa daktari, kama viti vyote vimekaliwa, hawa wanaonitukana wamekaa wapi?"

Sikuwa na jibu. Swali lake lilikuwa zuri kuliko andiko zima la utafiti nililokuwa nimeliwasilisha mwezi ule.

Watu kama yeye si wachache. Ni kati ya robo na theluthi ya wagonjwa wote. Vipokezi vyao vinazibwa sawasawa na vya wengine, ila sauti hazikomi. Mwaka 2012 watafiti wa London, akiwemo Oliver Howes, walilinganisha makundi mawili wakaona kwamba wale waliopata nafuu walikuwa na utengenezaji wa dopamini ulio juu, na wale ambao dawa haikuwasaidia hawakuwa nao. Yaani kwa hawa wa pili, tulikuwa tukifunga bomba ambalo halikuwa likivuja. Ndiyo maana siku hizi nasita kusema "ugonjwa" kwa umoja. Nashuku ni maradhi kadhaa yaliyopewa jina moja, jina ambalo Eugen Bleuler alilitoa mwaka 1908, na ambalo wengine wetu tungependa listaafu.

Kuna dawa moja inayowasaidia wengi wao. Klozapini iliwahi kuondolewa au kuzuiwa katika nchi kadhaa baada ya wagonjwa nchini Finland, mwaka 1975, kufa kwa kupungukiwa na chembe nyeupe za damu. Ikarudishwa na utafiti wa John Kane na wenzake wa mwaka 1988: kati ya watu 268 ambao dawa nyingine zilikuwa zimeshindwa, asilimia 30 ya waliopewa klozapini walipata nafuu ndani ya wiki sita, dhidi ya 4 ya waliopewa klopromazini. Cha ajabu, kwenye PET klozapini huziba vipokezi vichache kuliko dawa zilizoshindwa. Inafanya kazi kwa njia ipi hasa, hiyo ndiyo kazi inayonilaza macho.

Inadai uangalizi, sikatai. Damu hupimwa kila wiki kwa miezi ya mwanzo. Choo kigumu, ambacho ndugu wa mgonjwa hukiona kitu cha kuchekwa, kwa anayetumia klozapini kinaweza kuua, na mimi huuliza habari za choo kabla sijauliza habari za sauti. Halafu kuna sigara. Moshi wake huliamsha ini liivunje klozapini haraka, kwa hiyo mvutaji huhitaji dozi kubwa. Akilazwa wodini ambako hakuvutwi, ini linapoa na dawa inapanda katika damu, na baada ya siku chache unamkuta anasinzia, mate yanamtoka, pengine amepata degedege, na dozi haijabadilishwa hata kidogo. Akirudi nyumbani akawasha sigara, dawa inashuka na sauti zinarudi, kisha analaumiwa kwamba ameacha vidonge. Kibandiko cha nikotini hakibadilishi hesabu hii. Mchawi ni moshi.

Kwa hiyo, nikiombwa leo kuongeza dozi, kwanza napima kiasi cha dawa katika damu. Nimeshangazwa mara nyingi na waliohesabiwa kuwa "sugu" kumbe dawa ilikuwa haifiki, wengine kwa sababu hawaimezi, wengine kwa sababu miili yao huivunja upesi. Nikikuta imefika, na dawa mbili tofauti zimeshajaribiwa kwa dozi ya kutosha, kila moja si chini ya wiki sita, siongezi. Naizungumzia klozapini siku hiyo hiyo, mgonjwa na nduguze wakiwa wameketi nami.

Wengi huniuliza pia kuhusu ile dawa mpya iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2024, zanomelini pamoja na trospiumu. Ni kweli haikalii vipokezi vya dopamini, na hilo peke yake ni habari kubwa baada ya miaka 70. Lakini majaribio yake makuu yalikuwa ya wiki tano. Nangoja kuona itawafanyia nini watu kama yule kijana.

Na yule wa dirishani? Tulimpunguzia dozi kidogo kidogo. Siku miguu ilipomwachia alikaa kwenye kiti na kulala usingizi humo humo, tukaogopa kumwamsha. Sauti zilibaki. Klozapini ilikuwa imeshaidhinishwa wakati ule, na wodi nzima hakuna aliyeitaja, mimi nikiwemo.