Barua ya Bodi ya Uchaguzi usiitupe: mafunzo ya kura 734 za North Carolina

Mama mmoja alikuja ofisini kwetu hapa Greensboro na kadi ya posta yenye doa la mafuta ya kupikia. Tangu Novemba 2024 ilikuwa imelala juu ya friji, chini ya kalenda ya kanisa na karatasi za bei za supamaketi. Upande mmoja jina na anwani yake. Upande wa pili maneno machache kwamba kura yake huenda ikaguswa na pingamizi la uchaguzi, pamoja na ule mraba mweusi wa kuskani kwa simu. Alidhani ni tangazo. Mwanawe alimkataza kuskani kitu asichokijua, na siwezi kumlaumu kijana, kwa sababu ndivyo sisi wenyewe tunavyowahubiria kila siku kuhusu matapeli.

Kumbe kadi ile ilikuwa inamweleza kwamba mgombea mmoja wa ujaji anaomba kura yake isihesabiwe.

Naandika haya kwa kuwa safari hii kuna barua nyingine. Julai 2025 Bodi ya Uchaguzi ya jimbo ilianza kazi ya kurekebisha kumbukumbu za wapigakura zaidi ya 100,000 ambao daftari halionyeshi namba yao ya leseni ya udereva wala tarakimu nne za mwisho za soshal, yaani namba ya Social Security. Barua zikatumwa majumbani, na nyingi zimeishia pale pale juu ya friji. Makala haya ni elimu kwa umma. Si ushauri wa kisheria kwa kesi ya mtu binafsi, na ofisi yetu haimpigii debe mgombea wala chama.

Kwanza kilichotokea, maana kila mtu anayeingia hapa analo toleo lake.

Novemba 5, 2024 watu wa North Carolina walipiga kura kumchagua jaji mmoja wa Mahakama ya Juu ya jimbo, kwa kipindi cha miaka minane. Ndiyo, hapa majaji wanagombea kama wabunge, na vyama vyao vinaandikwa kwenye karatasi ya kura. Wengi wetu tumetoka kwenye nchi ambako jaji huteuliwa, kwa hiyo wakifika upande huo wa karatasi wanauacha wazi. Tutalizungumza siku nyingine. Aliyekuwa kitini ni Jaji Allison Riggs wa chama cha Democratic, na mpinzani wake ni Jefferson Griffin wa Republican, jaji wa Mahakama ya Rufani ya jimbo. Usiku ule Griffin aliongoza kwa kura kama 10,000. Kura za posta na kura za muda (zile zinazowekwa pembeni hadi taarifa za mpigakura zihakikiwe) zilipoendelea kuhakikiwa na kuhesabiwa, kama sheria inavyotaka, pengo likapungua, likafutika, kisha likageuka. Hesabu ya mwisho: Riggs 2,770,412, Griffin 2,769,678. Tofauti ni 734 katika kura zaidi ya milioni tano na nusu, yaani takriban kura moja katika kila 7,500.

Hapa ndipo tunapoulizwa: "Waliziongeza usiku?" Hapana. Kura iliyofika kihalali huhesabiwa hata kama mgombea amekwisha kulala akijiona mshindi. Kura zilihesabiwa upya kwa mashine jimbo zima, kisha sampuli ya vituo ikahesabiwa kwa mkono na kwa macho. Riggs alibaki mbele mara zote mbili. Wala si mara ya kwanza pengo kuwa dogo hivi. Mwaka 2020 Paul Newby alimshinda Cheri Beasley kwenye kiti cha Jaji Mkuu wa jimbo hili hili kwa kura 401.

Griffin hakudai kwamba hesabu ina makosa. Tafadhali lisome hili mara mbili, maana ndilo linalowachanganya watu. Alichodai ni kwamba wapigakura zaidi ya 65,000 hawakustahili kuhesabiwa. Kundi kubwa, zaidi ya 60,000, ni wale ambao kumbukumbu zao hazikuwa na ile namba. Kundi la pili lilikuwa na maelfu ya wanajeshi na raia walio ng'ambo waliopiga kura bila kuambatanisha nakala ya kitambulisho chenye picha, jambo ambalo kanuni za Bodi hazikuwadai. Kura zao alizipinga Guilford, kaunti yetu hii, na baadaye Durham, Forsyth na Buncombe. Kundi la tatu ni watu wasiofika 300, wengi wao watoto wa wazazi wa North Carolina waliokulia nje na hawajawahi kuishi jimboni, ambao sheria ya jimbo ya mwaka 2011 iliwaruhusu kupiga kura hapa. Wazazi wa Riggs mwenyewe walikuwamo kwenye orodha nzima ya waliopingwa. Nawataja kwa sababu kuna wanaoamini orodha ile ilikuwa ya wageni tu.

Namba ilikosekanaje? Sheria ya shirikisho ya mwaka 2002 inataka mwombaji atoe namba ya leseni au tarakimu nne za soshal. Fomu ya North Carolina kwa miaka mingi haikuonyesha wazi kwamba sehemu ile ni lazima kujazwa, na ilirekebishwa mwishoni mwa 2023. Wengine waliijaza vizuri kabisa, lakini kompyuta ilipolinganisha na kumbukumbu za serikali jina halikufanana na namba ikaachwa. Kwa watu wetu hili la pili si geni. Mtu ana majina matatu, karani wa uhamiaji kaunganisha mawili, ofisi ya soshal imeandika moja, leseni ina kistari katikati. Yule mama wa kadi alijiandikisha siku ile ile aliyokula kiapo cha uraia, kwenye meza ya watu wa kujitolea nje ya ukumbi, bendera ndogo mkononi. Sehemu ya namba aliiacha wazi, na hakuna aliyemwambia airudie.

Safari ya mahakamani nitaifupisha, ingawa kuifupisha ni dhambi kwa mtu wa kazi yangu. Desemba 11 Bodi ya jimbo ilitupa mapingamizi na kusema pia kwamba kadi ya posta yenye mraba wa kuskani haikuwa njia sahihi ya kumfikishia mtu taarifa. Januari 7, 2025 Mahakama ya Juu ya jimbo ilizuia Riggs asithibitishwe mshindi, baadaye ikasema shauri lianzie mahakama ya kaunti ya Wake. Februari 7 jaji wa Wake alikubaliana na Bodi. Aprili 4 Mahakama ya Rufani, majaji wawili kwa mmoja, ikampa haki Griffin na kuwapa wapigakura siku 15 za kazi wajirekebishe, la sivyo kura zao zitolewe. Siku saba baadaye Mahakama ya Juu, Riggs akiwa amejitoa kwenye kesi yake mwenyewe, iliamua wanne kwa wawili kwamba zile 60,000 zibaki, kwa kuwa kosa lilikuwa la Bodi na si la mpigakura. Walio ng'ambo wakapewa siku 30 kuleta kitambulisho, na kura za wasiowahi kuishi jimboni zikaondolewa. Mei 5 jaji wa shirikisho, Richard Myers, akayafuta haya ya mwisho. Alisema Katiba hairuhusu jimbo kubadilisha kanuni za uchaguzi baada ya kura kupigwa, tena kwa kundi fulani tu la wapigakura, na akaagiza matokeo yathibitishwe. Mei 7 Griffin alikubali kushindwa, Mei 13 Riggs akaapishwa. Miezi sita na siku nane tangu siku ya kura.

Wanaosema "kila jaji alifuata chama chake" waeleze basi: Mahakama ya Juu iliyookoa zile 60,000 ina Republican watano kati ya saba, na Myers aliteuliwa na Rais Trump.

Na wanaoniambia "lakini Kenya walifuta uchaguzi wa rais 2017 kwa wiki mbili", ni kweli, lakini shauri lile lilihusu namna tume ilivyoendesha na kutuma matokeo, na Katiba ya Kenya inaipa Mahakama ya Juu siku 14 tu. Hapa hakuna saa ya namna hiyo ukutani. Jimbo hili nalo limewahi kufuta matokeo: Februari 2019 Bodi iliagiza kiti cha Bunge la Marekani cha wilaya ya tisa kirudiwe kwa sababu kura za posta zilikusanywa kinyume cha sheria katika kaunti ya Bladen. Pale palikuwa na watu waliotenda kosa na ushahidi ukasikilizwa hadharani. Sehemu ya namba iliyoachwa wazi kwenye fomu si mzani mmoja na hayo.

Sasa utaratibu, kwa wanaotaka kujua pingamizi linawasilishwaje, maana napigiwa simu na watu wanaodhani unaandika malalamiko Facebook. Nataja sheria kama ilivyotumika 2024. Pingamizi hujazwa kwenye fomu ya Bodi, chini ya kiapo, na hupelekwa bodi ya kaunti. Likihusu kuhesabu au kujumlisha kura, lifike kabla ya kuanza kikao cha kaunti cha kuthibitisha matokeo, ambacho hukaa siku ya 10 baada ya uchaguzi. Likihusu jambo jingine, mwisho ni saa 11 jioni ya siku ya pili ya kazi baada ya kikao hicho. Mwaka ule kikao kilikuwa Ijumaa Novemba 15, kwa hiyo mlango ulifungwa Jumanne Novemba 19. Si Jumatano asubuhi. Anayepinga lazima awe mgombea au mpigakura aliyesajiliwa, na aonyeshe kasoro inayoweza kugusa matokeo. Bodi ya kaunti huangalia kwanza kama kuna sababu ya kuendelea, ndipo iitishe usikilizaji. Asiyeridhika huenda Bodi ya jimbo, kisha mahakama ya kaunti ya Wake, ambako ana siku 10. Uchaguzi mpya hauagizwi hadi wajumbe wanne kati ya watano wa Bodi ya jimbo wakubali. Na kuhesabu upya ni jambo jingine kabisa: kwa kiti cha jimbo zima mgombea huomba pengo likiwa kura 10,000 au nusu asilimia, chochote kilicho kidogo.

Swali moja zaidi, lenye haki ya kuulizwa: walijuaje kura ya nani ni ipi hata waombe itolewe? Kura ya mapema na ya posta hapa hubeba alama inayowezesha kuitoa iwapo aliyeipiga atabainika hakustahili. Ya siku ya uchaguzi kituoni haina. Ndiyo maana wenye kasoro ile ile ya namba waliopiga kura siku yenyewe hawakupingwa. Kufichua mtu alimchagua nani ni kosa la jinai, na msinirudie tena na habari kwamba "serikali inasoma kura zetu".

Barua ya sasa, basi. Ndani yake kuna fomu na bahasha ya kurudishia. Jaza namba ya leseni ya North Carolina, au kama huna, tarakimu nne za mwisho za soshal. Kama huna zote mbili, kuna kisanduku cha kusema hivyo, na Bodi itakupa namba yake. Andika jina kama lilivyo kwenye hati hiyo, herufi kwa herufi, si kama mnavyoitana nyumbani. Unaweza pia kwenda na kitambulisho bodi ya kaunti, au kupitia DMV, ofisi ya leseni za udereva, mtandaoni. Usipofanya lolote hujafutwa. Ukifika kituoni utapewa kura ya muda, inayowekwa pembeni hadi taarifa zihakikiwe, na sehemu zipi za karatasi hiyo zitahesabiwa inategemea kama umetoa namba. Novemba 3, 2026 kiti kingine cha Mahakama ya Juu, anachokalia Jaji Anita Earls, kinagombewa. Mnajua tayari pengo huwa la kura ngapi.

Kwa asiye raia: barua hii ikikufikia, usijaze, usisaini, njoo na barua yako au umwone wakili. Grini kadi haipigi kura. Asiye raia akipiga kura ya uchaguzi wa shirikisho anaweza kufungwa hadi mwaka mmoja, akidai uraia kwa uongo ili ajiandikishe hadi miaka mitano, sheria ya jimbo nayo ina kosa lake kubwa la jinai, na juu ya hayo yote kuna kufukuzwa nchini. "Yule dada mezani aliniambia nisaini tu" ni utetezi nilioushuhudia ukimtoa mtu jasho mbele ya afisa wa uhamiaji.

Yule mama tulimjazia fomu kwa dakika 10. Kilichochukua muda ni jina: hati ya uraia ilikuwa na jina la ukoo la baba, soshal ina la mume. Tukamwelekeza kwanza ofisi ya soshal, kisha bodi ya kaunti. Aliporudi wiki iliyofuata alitaka kadi yake yenye doa, akawaonyeshe wenzake wa kwaya.

Mnaokuja, njooni na barua yenyewe. Picha za WhatsApp mnazonitumia huwa zimekata chini, na namba tunayoihitaji iko chini.