Maombi Yasiyojibiwa Si Kipimo cha Imani

Dodoma mvua ni za msimu mmoja, kuanzia Desemba hadi Aprili hivi, na mara nyingi Februari hukatika ghafla. Majani ya uwele yakianza kujikunja shambani, maneno nayo huanza: "Ungekuwa na imani, Mungu angekujibu." Nilimsikia mama mmoja wa Chamwino akiambiwa hivyo baada ya ibada, mtoto wake mgonjwa akiwa mgongoni. Alikaza kanga, akanyamaza.

Wengi hutegemea Mathayo 17, ambapo baba anamleta mwanawe mgonjwa kwa wanafunzi, wanashindwa, na Yesu anataja upungufu wa imani. Lakini tusome vizuri: anayeambiwa si yule kijana mgonjwa, wala baba yake. Ni wanafunzi walioshindwa kumponya. Na katika Marko 9:24 baba huyo analia, "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu." Imani na shaka kwa pumzi moja, na mwanawe akaponywa papo hapo! Kwangu mimi, aya hiyo peke yake inatosha kuliondoa dai hili.

Paulo naye aliomba mara tatu mwiba wake wa mwilini uondoke, haukuondoka. Gethsemane, kabla ya kusulubiwa, Yesu mwenyewe aliomba kikombe cha mateso kimwepuke. Nani atasema walipungukiwa imani? Zaburi ya 88 inaishia gizani, bila hata mstari wa shukrani, na bado ni sala.

Mama yule hakustahili kukemewa. Jumapili iliyofuata alirudi, akakaa benchi lilelile. Safari hii, ibada ilipoisha, jirani alimpokea mtoto, wakaongozana hadi zahanati.